Vigelegele vya Jiwe la Chini

Ninyi vijana wenye mutasoma hii, musianze kucheka. Mutacheka nyuma, kama hamu itakuwa bado iko. Munaongea Kiswahili, Kifaransa, na siku hizi Kingereza, vyote mu mustari mumoja, na munazani mutu mwenye hajui hivyo iko mujinga. Mimi masomo niliacha mwaka wa tatu wa primere. Kusoma nilimalizia kwa katekisimu, ndiyo maana Kiswahili changu mara kinavaa nguo ya kanisa, mara kinatembea na sapatu za nyumbani. Mutanivumilia. Nataka niwaambie namna nilimupigia mutoto wangu vigelegele siku alikuwa analala chini mu jikoni ya wenyewe, bila kula.

Huyo mutoto ni wa mwisho wa tumbo langu. Babu yake alitoka kaskazini ya Katanga kuja kutandika reli. Baba yake alifanya kazi ya mukoti, ndani ya ardhi, mpaka mapafu yakakataa. Yeye naye akafuata udongo. Alifanya kazi upande wa Kinsevere, kontra ikaisha. Akasikia kama ngambo, kule Zambia, upande wa Solwezi, kuko bantu banatoboa ardhi na mashini kutafuta wapi shaba imejificha. Akafunga mufuko mumoja. Mbele ya kutoka alisimama pa mulango, akaniambia:

«Mama, mwezi hautaisha bila kuniona. Nitakuya juu ya misa ya papa.»

Misa ya kumukumbuka baba yake, kila mwaka tunaisomesha. Nikamuambia: «Nenda. Lakini mwezi ni mwezi.»

Telefone yake ilikufa mu mvua hata mbele hajapata kazi. Akawa anatumia ya mama mwenye alimupangisha chumba, mwalimu muzee mwenye alishaacha kazi. Siku ya kwanza mutoto alipiga, yule mama akamunyanganya telefone ili anisalimie mwenyewe: «Mwapoleni, mayo!» Ni kusema jambo, mama, kwa Kibemba. Nikamujibu kwa Kibemba, juu kambi ya mukoti yenye nilikomalia tangu utoto, nusu ya milango ilikuwa ya Babemba, na mimi nilinyonya ile luga pamoja na maziwa. Tulicheka sana ile siku. Akaniuliza kama mutoto wangu anakula samaki. Nikamuambia anakula hata miba.

Kumbukeni hiyo, juu ndiyo inanichoma mpaka leo.

Nyuma ya pale yule mama akaanza kuniandikia mesaji, na kuandika aliandika kwa Kingereza. Mukono wake ulizoea Kingereza namna wangu ulizoea mwiko. Mimi sikukataa. Niseme kweli: ilinipendeza. Kuko bamama wangapi mu avenue yetu benye banapata mesaji ya Kingereza? Nilikuwa naita mujukuu wangu, binti ya binti yangu, mwenye alikuwa anasoma Kingereza mu sekondere, namuambia asome kwa sauti, pa baraza, karibu na njia. Kama jirani anapita, namuambia: «Rudilia, sikusikia muzuri.» Nilikuwa nimesikia.

Mujukuu alikuwa na kaye moja, ndani yake aliandika namna Baingereza banasema habari ya mutu mwenye iko na raha ao iko na shida. Alikuwa ananisomea wakati nachambua lengalenga, na mimi ananiita Kambo, ni kusema bibi.

«Kambo, mwenye furaha banasema iko juu ya wingu ya tisa.»

«Ya tisa? Na zile nane ziko na nani?»

«Mi sijui, Kambo. Mwalimu alisema tu tisa. Na mwenye huzuni, banasema iko rangi ya bulu.»

«Bikira Maria na nguo yake ya bulu, iko na huzuni?»

«Kambo! Na mwenye ameingia mu matata, banasema iko mu maji ya moto.»

Pale nilicheka mpaka majani yakaanguka. Mwezi wa sita, asubui, baridi inakata masikio, mutu akupatie maji ya moto, unalia? Unashukuru Mungu. Nikamuambia mujukuu kama hao Baingereza habajaoga Lubumbashi mu mwezi wa sita.

Basi tulikuwa tunacheka. Halafu mesaji ya kwanza ya kweli ikafika.

Mwezi ulikuwa unaelekea mwisho, misa ilikuwa karibu, mutoto hata kivuli. Mujukuu akasoma, akafungua diksionere, akageuza neno kwa neno: «Anasema, mutoto wako amepita juu ya mwezi.»

«Amepita mwezi?»

«Ndiyo, Kambo. Amepita mwezi.»

Ninyi munajua mu luga yetu mwezi wa mbinguni na mwezi wa kuhesabu siku ni jina moja. Mimi nilisikia ule wa siku. Nilisikia: mutoto wako amepitisha mwezi, hakuyi, amemusahau baba yake. Sikuuliza mara mbili. Nikashika telefone, nikamutumia sauti. Nilimuambia hana haya. Nilimuambia baba yake alikohoa damu mu mukoti ili yeye akule, na yeye hawezi kutoa siku moja tu ya kupiga magoti. Nilimuambia akae kule kabisa, Zambia imuzike.

Nyuma, nyuma sana, nilikuja kujua. Kupita juu ya mwezi, kwa Baingereza, ni mutu mwenye amefurahi mpaka miguu haigusi chini. Ile siku mutoto alikuwa ameandikwa kazi. Alikuwa amemuomba mukubwa wake siku tatu za kuja kwa misa, na mukubwa alimukubalia. Alirudi nyumbani anaimba, mama mwenye nyumba akamuangalia, akafurahi naye, akaniandikia. Jibu langu likafika wakati bote bawili bamekaa pa meza. Yule mama hajui Kiswahili, lakini sauti ya mama mwenye hasira haiombi diksionere.

Hakuja kwa misa. Tangu ile siku mutoto hakunipigia tena. Na mimi nilisema: vizuri, anaona haya, aivae mpaka imutoshe.

Miezi ikapita, baridi ikaingia. Siku moja, saa nane ya muchana, mesaji ingine. Mujukuu alisoma pole pole. Uso wake haukunipendeza.

«Kambo, anasema… mutoto wako amegonga jiwe la chini kabisa.»

Nikasimama. «Sema tena.»

«Amegonga jiwe la chini. Halafu anasema tumuombee. Halafu anasema anahitaji mama yake.»

Mutu mwenye hakukomalia mu udongo wetu hawezi kujua ile sentensi ilinifanya nini. Kaka yangu alikuwa muchimbaji wa mikono. Banachimba udongo mwekundu siku na siku, nyuma unakuya wa manjano, nyuma maji, nyuma bantu banachoka, bengine banakimbia. Mwenye anabaki, siku moja chuma chake kinalia: ko! Amegonga jiwe. Jiwe la kijani, lenye shaba. Ile siku mu kambi ya bachimbaji banaua mbuzi. Mimi, neno «amegonga jiwe» tangu utoto nilisikia mara tano ao sita, na kila mara kulikuwa nyama.

Mujukuu akanivuta kikwembe. «Kambo, ngoja. Kwa Kingereza vitu vya raha viko juu. Vya shida viko chini. Angalia mu kaye. Pengine maana iko ingine.»

«Nyamaza! Nani alizaliwa mu kambi ya mukoti, mimi ao wewe?»

«Ni weye, Kambo, lakini…»

«Lakini ya nini? Kwetu mali iko chini. Babu yako alikula chini, tulivaa chini, tulisoma chini. Juu kuko nini? Mvua, na ndege za kiwanja cha Luano. Na nani alikutuma kumutakia muyomba wako mabaya?»

Alifunga kaye yake. Na mimi nikapiga vigelegele, vile vya ndoa, mpaka mbwa ya jirani ikajibu.

Niliua kuku watatu. Niliita bamama ba kanisa, kikundi chetu kizima. Nilivaa kikwembe kipya chenye nilikuwa naweka juu ya Noeli. Mwenye aliniuliza nilimujibu: «Mutoto wangu amegonga jiwe. Anasema anahitaji mama yake. Kweli, nani mwingine atamuchungia vitu?» Tukaimba, tukacheza, binti yangu akashika telefone akachukua sauti ya wimbo muzima na vigelegele, na mwishoni mimi nikasogeza kinywa nikasema:

«Mutoto wangu, yale ya zamani yameisha. Usikule peke yako. Kumbuka nyumba ya mama yako inavuya. Leta mabati.»

Tukatuma. Kutuma ni rahisi sana siku hizi. Kidole kimoja.

Kati ya benye balikuja kulikuwa mama mumoja wa Kivu ya kaskazini. Iko na depo kubwa kule Naviundu, mchele, sukari, mafuta, na malori yake inashuka mupaka wa Kasumbalesa kila wiki. Si wa kanisa letu, lakini siku ya msiba ao ya furaha anafika wa kwanza. Kingereza alikijulia kwa biashara, wakati alikuwa anatafuta mali Kampala. Nikamuona amekaa anakula paja. Na mimi, kiburi ni kama pombe, nikamupelekea telefone mwenyewe.

«Soma, weye mwenye unajua. Usomee bamama.»

Akasoma. Akaacha kutafuna. Akaweka paja mu sahani, akapanguza vidole moja moja.

«Mama, twende kwanza mu nyumba.»

«Kwa nini mu nyumba? Sema hapa. Furaha ni ya bote.»

«Mama, nakuomba. Twende ndani.»

«Sema hapa!»

Akaangalia chini. «Hii haiko habari ya kuchezea, mama. Baingereza bakisema mutu amegonga jiwe la chini, banataka kusema ameanguka, ameanguka, mpaka hakuna tena pa kuanguka. Ameisha. Huyu mama anakuita.»

Mungu anisamehe maneno yenye nilitoa. Nilimuambia muuza mchele anajua nini mambo ya mukoti. Nilimuambia bantu ba Kivu bamezoea kununua mali yenye bengine bamevuna, na sasa anataka kuninyanganya hata furaha yangu. Nilimuambia ni wivu. Nilisema mbele ya bantu, na kuku yangu ikiwa bado mu kinywa chake. Yeye hakusimama. Alisema tu:

«Sawa, mama. Mimi ni muongo. Piga simu. Kinywa si uko nacho?»

Bamama bote balikuwa bananiangalia. Ningefanya nini? Nikapiga. Na juu ya kuonyesha kama siogopi, nikaweka sauti ya nje, bote basikie.

Yule mwalimu muzee aliitika kwa Kibemba. Sauti yake ilikuwa ya mutu mwenye amechoka kunichukia. Alisema kazi ya mashini ilifungwa, sasa wiki nyingi. Alisema mutoto wangu aliuza buti zake za kazi, nyuma koti, nyuma blangeti. Malaria ikamukamata ikamuangusha. Chumba alikiacha mwenyewe, kwa haya, na yeye mwalimu akamutandikia mu jikoni karibu na mbabula, jiko la makala, juu ya baridi. Anakunywa chai, basi. Hataki kula chakula cha wenyewe.

«Nilikuandikia, mayo,» akasema. «Nilizani mama akisikia vile atapanda gari ile ile siku. Leo umetuma wimbo. Nilifungua karibu naye, nilizani utamutia nguvu. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akageukia ukuta. Mimi nilimuambia pengine kwenu ni desturi kumuimbia mugonjwa.»

Nusu ya bale bamama bamekomalia kambi moja na mimi. Kibemba banasikia kama sala ya Pater noster. Hakuna mwenye alihitaji kugeuziwa. Nilisikia sahani moja inawekwa chini, nyuma ingine, nyuma ingine. Mama mumoja akafunga kikwembe chake muzuri, akaenda, na bengine bakamufuata, kila mumoja ananigusa bega anapita, kama kwa matanga.

Na mimi, munazani nililia? Nilitafuta mutu wa kumutupia. Nikamugeukia mujukuu: «Ni weye! Kingereza chako cha uongo!»

Akaniangalia. Ni mutoto mwenye adabu, hajawahi kunijibu. Akasema: «Kambo, nilisema.» Akachukua masahani, akaenda kuosha.

Yule mama wa Kivu ndiye alibaki. Hakuniambia: «Umeona?» Akapigia dereva wake, akamuambia kesho kuko mama mumoja atakaa mbele, karibu naye, asimuombe kitu. Halafu akashika tena telefone, akaongea Kingereza na yule mwalimu, bakapatana amusindikize mutoto mpaka pa mupaka. Nilitaka kumuomba musamaha juu ya maneno ya mchele. Akanikata: «Kwanza mutoto, mama. Mimi niko hapa, siendi fasi yoyote.»

Pale Kasumbalesa nilisimama tangu asubui, kati ya malori na bamama ba mayai. Mu kichwa nilitengeneza maneno. Batoto kama ninyi hamujui: mama wa kwetu hapigii mutoto magoti, hata akikosa. Nilikuwa natafuta neno lenye litaomba musamaha bila kupiga magoti.

Alitoka saa tisa, anashikwa mukono na mama mumoja mufupi wa miwani. Mu ile baridi alikuwa amevaa sapatu za kuogea. Shingo ilikuwa ya babu yake siku tulimuweka mu sanduku. Alinipa mukono, na heshima yake yote, akasema:

«Mama, shikamoo… mabati sikuleta.»

Hakusema kwa kunichekelea. Ndiyo ilikuwa mubaya. Alizani kweli nilikuwa nasubiri mabati.

Maneno yote yenye nilitengeneza yakatoka kichwani. Nilisema tu: «Panda.»

Yule mwalimu akanikumbatia. Nilimushukuru kwa Kibemba, yeye akanijibu kwa Kibemba, na kila neno nilisikia kama kofi, namna lilikuwa rahisi. Miezi yote ile nilikuwa nalo mu kinywa. Nilikosa tu kulitumia, juu nilipenda Kingereza kisomwe pa baraza.

Mu njia, tukiwa tumepita bariere ya kwanza, nikamuambia: «Nilikosa.»

Aliangalia inje mu kioo. «Ni Kingereza, mama. Kiko na mitego.»

«Hapana. Usinitafutie pa kujificha. Si Kingereza.»

Dereva akaongeza sauti ya radio, mutu wa akili.

Sasa mutoto amepona. Homa ilienda, nyama zinarudi, anafanya kazi ya mikono karibu na sisi. Ananisalimia asubui, ananipa kiti. Lakini mbele alikuwa anakaa jikoni ananisumulia mpaka makala ya mbabula inaisha, na sasa anajibu chenye nimeuliza, basi. Nastahili. Siku ya Mungu yenye ilifuata kurudi kwake, nyuma ya misa, nilisimama mu kikundi cha bamama nikasema yote kwa kinywa changu, na yule mama wa Kivu nilimualika aje asikie namuomba musamaha mbele ya bantu benye balisikia namutukana. Bengine balilia. Bengine balienda kusumulia sokoni, na mpaka leo nikipita pa bamama ba samaki kuko mwenye anaita: «Jiwe la Chini, habari ya leo?» Namujibu: «Nzuri.» Ningejibu nini?

Nilifikiri sana juu ya bale Baingereza. Habakukosa. Kila kabila linaweka shida yake fasi yake: bengine chini, bengine mu maji, bengine mu rangi. Mimi nilizani mutoto wangu anaweza tu kuanguka kwa namna naijua.

Ile wiki alirudi, mbele ya kula, niliita bote ba lupango: binti yangu, mukwe wangu, bajukuu bote, na mutoto mwenyewe amekaa na blangeti pa mabega. Bukari, ugali wetu, ilikuwa inapoa. Nilisema:

«Kuanzia leo, habari ya mutu wetu mwenye iko mbali haiishii mu mesaji. Mutapiga simu. Mutatafuta sauti yake mwenyewe. Mutamuuliza: jana ulikula nini, ulilala wapi, nani iko karibu na weye. Habari za mawingu na majiwe mutauliza nyuma. Na kama mimi nasema nimeshaelewa, mupige tu, hata niwatukane. Weye, mujukuu, leta ile kaye, kaa hapa karibu na mimi, utakula wa kwanza.»